Tutakagua Baada ya Kulungu

Walionisoma gazetini wiki iliyopita wanajua nilipofikia. Nyumba tatu zimenitoka ndani ya mwaka mmoja, zote kwa sababu ileile: mimi nilitaka mkaguzi aingie kwanza, wanunuzi wenzangu wakanunua vivyo hivyo, macho yamefumbwa. Ya nne ni nyumba ya kijani ya Mzee Orville Sundquist, karibu na ziwa. Alhamisi ya mwisho wa Oktoba Mzee Orville akaikubali ofa yetu. Nililia kwenye simu mpaka dalali wetu, Bev, akadhani nimefiwa.

Kama unanisoma leo kwa mara ya kwanza, jua haya tu. Naitwa Marit, mume wangu ni Curt. Tunakaa Ostby, mji mdogo kaskazini mwa Minnesota, kwenye vyumba vya kupanga juu ya duka la vifaa vya uvuvi. Mama yangu, Arlys, mapafu yake yamechoka, anatembea na mtungi wa oksijeni. Daktari amesema ngazi basi, na unyevunyevu basi.

Mama ameuza shamba alikozaliwa baba yangu, anakokaa hadi sasa, ili tupate nyumba moja ya kukaa wote, chumba chake kiwe chini, jirani na jiko. Nilimwahidi kwa mdomo wangu: nyumba ya kutunzia wazee hutaingia nikiwa hai. Baba alifia kule, na mama mpaka leo anakumbuka rangi ya shuka aliyofunikwa.

Shamba linakabidhiwa Ijumaa asubuhi, tarehe kumi na nne Novemba. Mchana wake sisi tunakabidhiwa nyumba ya kijani. Ndivyo ilivyopangwa.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Mkataba ulitupa siku kumi za ukaguzi. Ndani ya siku hizo mkaguzi akikuta kasoro, unajitoa na arubuni yako, ile pesa ya kuishikia nyumba, unarudishiwa. Zikipita hujasema kitu, nyumba umeipokea na kasoro zake zote, na ukijitoa unaiacha arubuni mezani. Siku yetu ya kumi ilikuwa Jumapili, tarehe tisa.

Bev alinisomea kifungu hicho mara mbili. "Marit, umenielewa? Jumapili. Si Jumatatu."

"Nimekuelewa, Bev, mimi si mtoto."

"Mpigie mkaguzi leo."

Nikampigia Lyle Engebretson dakika ileile. Lyle amekagua nusu ya nyumba za wilaya yetu, mtu mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Akanipa Alhamisi, tarehe sita, saa tatu asubuhi. Nilikuwa na siku tatu za ziada mkononi, nikajiona mjanja.

Nilichojifanya kusahau ni kwamba Jumamosi tarehe nane msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Wiki hiyo kwetu hakuna kazi. Fundi bomba hapatikani, daktari wa meno hapatikani, na hata mchungaji anafupisha mahubiri. Curt wangu alikuwa ameshapakia pikapu tangu Jumanne.

Jumatano mchana simu ikalia. Mzee Orville.

"Marit, binti yangu, mama hajambo?"

"Anaendelea, Mzee."

"Mpe salamu. Sasa, kuhusu kesho. Nyumba imejaa maboksi, hata pa kukanyaga hakuna. Naona aibu mtu aje aikute hivi. Na Lyle naye ana safari yake ya msituni, mtamchelewesha bure. Mnaonaje tukikagua Jumatatu? Baada ya kulungu. Nitakuwa nimetoa kila kitu, mtaona kuta zote."

Mtaona kuta zote. Alisema hivyo, kwa sauti ileile ya upole aliyotufundishia kipaimara, mimi na Curt, tukiwa na miaka kumi na minne. Kila Jumapili yeye ndiye anayesimama mlangoni pa kanisa na kutugawia karatasi za nyimbo.

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia Curt.

"Sawa tu," akasema, akiendelea kupaka buti zake mafuta. "Alhamisi, Jumatatu, kuna tofauti gani? Nyumba itakimbia?"

"Siku ya kumi ni Jumapili."

"Mzee mwenyewe kasema Jumatatu. Mzee Orville, Marit! Atatugeuka huyo?"

"Bev atataka sahihi."

"Sahihi?" Hapo ndipo alipoinua macho. "Mtu aliyenifundisha Baba Yetu, nimwendee na karatasi nimwambie, mzee, neno lako halitoshi, tia sahihi hapa? Wewe unaweza?"

Sikuweza. Kwetu hapa huwezi. Mtu akikupa neno lake, nawe ukamdai karatasi, umemwita mwongo, na habari itafika dukani kabla wewe hujafika. Basi nikamwambia mzee sawa, nikampigia Lyle kuahirisha.

"Jumatatu?" Lyle akauliza. "Mimi Alhamisi niko tayari. Ngazi iko garini."

"Mzee anasema ana maboksi."

"Maboksi nayaruka."

"Lyle, sipendi kumsumbua."

"Haya. Ila Alhamisi hali ya hewa itakuwa nzuri. Jumapili wanasema theluji."

"Theluji si mara yako ya kwanza kuiona wewe!"

Baada ya robo saa akapiga tena, kuuliza kama nina uhakika. Alhamisi asubuhi akapiga mara ya tatu. Yuko njiani kwenda msituni, anapita karibu na nyumba ya kijani, anaweza kusimama nusu saa tu akachungulia.

Nikacheka. "Nenda bwana, kulungu watakukimbia!"

"Alhamisi ni siku nzuri, Marit," akasema. Halafu akaniaga.

Watu wa kwetu hawasemi jambo, wanalizunguka. Mtu wa Ostby akikwambia mara tatu kwamba Alhamisi ni siku nzuri, huyo anakupigia mayowe. Nimezaliwa hapa, nimekula miaka arobaini na saba hapa, na sikumsikia.

Au nilimsikia. Niwaambie ukweli, maana tangu wiki ya kwanza niliahidi sitaficha. Nilipoweka simu chini sikuwa na hofu, nilikuwa na furaha. Nyumba tatu nilizikosa kwa ajili ya mkaguzi, na hii nilikuwa nimeshaichagulia mapazia. Sikutaka mtu mwenye tochi aingie mle ndani kabla haijawa yangu.

Ijumaa Bev akapanda ngazi zetu anahema, amevaa koti lake la kuwindia la rangi ya chungwa, mumewe anamsubiri garini. Akanikabidhi karatasi moja yenye mistari minne. Muuzaji anakubali kusogeza siku ya mwisho ya ukaguzi hadi Jumanne, tarehe kumi na moja, saa kumi na moja jioni.

"Mzee anauza mwenyewe, hana dalali wa kumpelekea," Bev akasema. "Mtamkuta kanisani Jumapili. Atie sahihi na tarehe. Ni kazi ya nusu dakika. Kalamu hii hapa."

"Bev, yule mzee ni mtu wa..."

"Najua ni mtu wa nini. Atie sahihi."

Jumapili baada ya ibada tukashuka ukumbini kunywa kahawa, kama kawaida. Curt alikuwa msituni. Mimi nilikuwa namsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu. Nikampakatisha mkoba wangu, maana nilihitaji mikono yote miwili kwa vikombe na sahani.

"Ile karatasi iko humu?" mama akauliza.

"Imo. Nampa sasa hivi."

"Haya."

Mzee Orville alikuwa penye birika kubwa, anawamiminia watu. Nikamfuata na kikombe changu. Karatasi yenyewe nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba, nikijiambia nitamwandaa kwanza kwa maneno.

"Wanasema theluji leo," nikaanza.

"Wanasema."

"Nyingi?"

"Wengine wanasema mpaka goti."

"Si haba."

"Si haba kweli. Curt kashapata?"

"Simu haishiki kule, sijui lolote."

"Atapata. Kile kichanja cha kuvizia cha baba yake kiko mahali pazuri. Pori langu lile halijawahi kumnyima." Akanisogezea sahani. "Chukua keki."

"Hapana, asante, nimeshiba."

"Chukua."

"Kweli nimeshiba, Mzee."

"Kipande kidogo tu."

"Haya, kidogo."

Dakika ishirini! Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa nikiwa nimesimama pale. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya kwanza akatokea mtu kuomba maziwa. Mara ya pili hakutokea mtu yeyote, na bado nikaufunga.

Mwishowe yeye ndiye aliyesema. "Basi kesho, Marit. Saa tatu. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua."

"Kesho, Mzee."

Nikakimbilia jikoni kusaidia kuosha vikombe, mtu angedhani nina bidii. Nilipotoka, mama alikuwa ameshavishwa koti, mkoba wangu uko mapajani mwake, umefungwa vizuri.

"Vipi?" akauliza.

"Tayari, mama. Amekubali."

Akanitazama. "Kakubali nini?"

"Kila kitu. Twende, theluji isitukute njiani."

Nilimdanganya mama yangu mbele ya msalaba wa ukumbini, na wala ulimi haukunikwama.

Jumatatu kila kitu kilikuwa cheupe. Lyle akaja saa tatu kamili, na ngazi yake hakuishusha kabisa. Akasimama uani, akaangalia juu, akaandika kitu kwenye daftari.

"Paa silioni," akasema.

"Basi tuanze ndani."

Nimeona wakaguzi wakifanya kazi. Huanza na milango, wanafungua bomba, wanajaribu taa. Lyle hakugusa hata taa moja. Alipita sebuleni, akapita jikoni, akashuka ngazi za chumba cha chini ya ardhi, nami nyuma yake mbio mbio.

Mzee Orville alisema kweli, maboksi yote yalikuwa yametoka. Kuta zilikuwa nyeupe, zinanukia rangi. Kilichobaki ni friza moja kubwa, kuukuu, imesukumwa mpaka kwenye ukuta wa kaskazini. Lyle akaenda moja kwa moja kwenye friza ile, akaikumbatia kwa mikono miwili, akaivuta.

Ukuta ulikuwa umeingia ndani. Umevimba, umeshikiliwa na magogo mawili, na ufa wake ulipita kutoka pembe hii hadi pembe ile. Niliingiza mkono wangu ukazama mpaka kwenye kifundo. Lyle akachomeka bisibisi kwenye rangi nyeupe, ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake kulikuwa na weusi mtupu, umelowa.

"Ukungu," akasema. Halafu akanionyesha mstari wa kahawia kwenye gogo, usawa wa kiuno changu. "Maji hufika hapa. Barafu ikiyeyuka, mwezi wa nne, humu unaweza kuvua samaki. Sasa hivi ardhi imeganda, ndiyo maana kukavu."

"Na huu weusi?"

"Unapanda ndani kwa ndani mpaka juu."

"Juu ya hapa kuna chumba gani, Lyle?"

Alikijua. Alitazama dari, akaona haya kunijibu, nikajijibu mwenyewe. Juu ya hapa ni chumba cha mama.

Nikakaa kwenye ngazi. "Ungekuja Alhamisi..."

"Alhamisi ungekuwa na la kusema. Leo huna."

"Lyle, ulijuaje pa kuangalia?"

"Kazi ya miaka mingi."

"Ulikwenda moja kwa moja kwenye friza."

Akazima tochi, akaiwasha, akaizima tena. "Kuna ripoti nyingine," akauambia ukuta, maana mimi hakunitazama. "Ya mwezi wa nane. Ripoti ni mali ya aliyeilipia. Siwezi kukwambia ni ya nani wala ilisema nini, nikisema nimekwisha kazi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba rangi hii mwezi wa nane haikuwepo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," akasema. "Mara tatu."

Nilimpigia Mzee Orville nikiwa bado nimekaa palepale, vidole vyangu vina weusi wa ukuta wake.

"Pole, binti yangu," akasema aliponisikiliza mpaka mwisho. "Nyumba za zamani ndivyo zilivyo."

"Mzee, siwezi kumlaza mama humu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini siku kumi si ziliisha jana? Au nimekosea hesabu?"

"Wewe mwenyewe ulisema Jumatatu! Baada ya kulungu!"

"Nilisema mje mwangalie. Si mmeangalia?" Sauti haikupanda hata kidogo. Ningependa angefoka. Angefoka ningemtukana, kungekuwa na nafuu. "Kwani una karatasi yoyote, Marit? Kama kuna karatasi, hayo ni mambo mengine."

Nikaikumbuka karatasi ya Bev, imelala kwenye mkoba wangu, mistari yake minne na nafasi tupu chini yake.

"Sina, Mzee."

Akashusha pumzi ndefu, nikaisikia. "Haya. Msalimie mama."

Nikaendesha gari hadi shambani. Barabara haijasafishwa, nalia, natukana, naupiga usukani ngumi. Mwanamume mzima ananipa karatasi ya nyimbo kila Jumapili! Ananilisha keki! Nilimtukana matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, kisha nikajitukana mwenyewe.

Mama alikuwa jikoni, anafunga sahani kwenye magazeti na kuzipanga kwenye boksi, taratibu, sahani moja, pumziko moja. Sijamaliza kuvua buti pikapu ya Curt ikaingia uani. Nyuma kalala kulungu dume, pembe zake nyingi. Curt akaingia anatabasamu, ndevu zimeganda.

"Mama, njoo uone dirishani! Mkubwa kuliko wa..." Akaniona. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Ukuta, ufa, ukungu, friza, ripoti ya mwezi wa nane, simu ya mzee. Nilisema yote mbele ya mama, maana sikuwa na nguvu ya kuchagua la kuficha. Mama aliendelea kufunga sahani.

Curt akavua kofia. Akaizungusha mikononi. Akasema, "Duh."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili. Duh yake ya kushangaa naijua, na ile haikuwa yenyewe.

"Curt, mbona hushangai?"

"Nashangaa."

"Hushangai hata kidogo."

Akatazama sakafu, theluji ya buti zake inayeyuka. "Lyle alikuja kambini kwetu Jumamosi."

"Ehe?"

"Akaniambia angekuwa yeye, angempigia Mzee Orville kabla ya ibada ya Jumapili kumwambia tumeghairi. Basi. Hakusema zaidi ya hapo."

"Na wewe ulielewa."

Akaanza tena kuizungusha kofia.

"Ulielewa, Curt?"

"Nilielewa."

Jumamosi! Tulikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Nilitaka kukaa, nikakosa kiti, vyote vimewekewa maboksi.

"Simu haishiki kule," akasema.

"Barabarani inashika! Dakika kumi kwa gari!"

"Nimpigie nimwambieje?" Sasa naye akapandisha. "Niko kwenye pori lake, Marit! Nimekaa kwenye kichanja alichojenga baba yangu, kwenye ardhi ya mzee, bila hata karatasi, nampigia kumwambia nyumba yako mbovu, rudisha arubuni? Kesho yake anaweka seng'enge. Miaka thelathini tunaingia pale kwa neno lake tu. Majivu ya baba tuliyamwaga pale. Nitamtembelea wapi?"

"Kwa hiyo ukamuuza mama kwa kulungu."

"Usiseme hivyo mbele yake."

"Ndivyo ulivyofanya, nisiseme?"

"Na wewe je?" akasema. Hakupiga kelele tena. "Bev alikupa karatasi Ijumaa, aliniambia nilipokutana naye njiani. Ulimpa mzee? Iko wapi?"

Nikaushika mkoba wangu nikaumimina mezani, juu ya sahani za mama, aione hiyo karatasi tupu, anione na mimi nilivyo. Zikaanguka funguo, karatasi ya nyimbo, dawa ya kikohozi, kalamu ya Bev. Nikaukung'uta. Karatasi haikuwemo.

"Unatafuta hii?" mama akauliza.

Akaingiza vidole kwenye mkono wa sweta yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja. Mistari minne ya Bev. Chini yake, kwa herufi kubwa za mwalimu wa zamani: Orville Sundquist, 9 Novemba.

Mtungi wa mama ndio uliokuwa unasikika.

"Ulipokuwa unaosha vikombe," mama akasema. "Nilimwita tu. Nikamwambia, Orville, nina baridi, tia sahihi hapa niende zangu nyumbani. Tumejuana miaka sitini, angeniambia nini mbele ya watu? Akatia. Akaniuliza, atakaa nayo nani? Nikamwambia mimi."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza kakubali nini. Ukaniambia kila kitu."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Lakini furaha ilinipanda hata hivyo, na aibu yote ile. Jumanne, saa kumi na moja jioni. Tulikuwa na siku nzima na zaidi. Tunaweza kujitoa, arubuni inarudi, mzee abaki na ukuta wake. Nikanyoosha mkono.

"Nipe, mama. Nimpigie Bev sasa hivi."

Mama hakunipa. Aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Subiri," akasema. Akavuta pumzi, akaipumzisha, akavuta nyingine. "Hapa natoka Ijumaa asubuhi. Nimeshatia sahihi, na mimi sahihi yangu siwezi kuirudisha. Ile ya kijani ina ukungu, nimesikia. Yenu ina ngazi kumi na tisa, nilizihesabu siku niliyopandishwa kwa kiti. Nikikupa karatasi hii, Marit, Ijumaa nitalala wapi?"

"Mama, tutaona, tutatafuta..."

"Usiniambie tutaona. Taja mahali."

Curt akanitazama. Nami nikamtazama Curt. Palikuwepo mahali pamoja tu, kule alikofia baba, sote watatu tulipajua kwa jina, na mama alijua kwamba tunapajua. Kiganja chake hakikutoka juu ya ile karatasi.

Nje kulungu alikuwa anaganda kwenye pikapu. Curt akakohoa. Mama akasubiri, macho yake kwangu, kisha kwake, kisha kwangu.

Mwishowe mmoja wetu alipataja. Natamani ningeweza kuwaandikia kwamba alikuwa Curt.